Kituo cha Alp Sura

Taa ya kitufe cha kusimamisha treni iliwaka kabla Seraina hajakigusa.

"Umebonyeza wewe?" akamuuliza binti yake, Ladina.

"Mikono yangu hii hapa, Mama."

Mama mkwe wake, Bibi Onna, akageuka kutoka dirishani. "Usishuke hapa, Seraina. Nilishakwambia tangu juzi."

Kweli alimwambia. Seraina alikuwa ameikunjua ramani mezani kando ya keki ya kokwa za jozi, akipanga safari ya Jumapili: asubuhi washuke Alp Sura, wapige picha kwenye theluji isiyokanyagwa, wapande treni inayofuata hadi kileleni wakanywe supu ya shayiri, jioni warudi nyumbani. Watu wa mjini na ramani zao! Bibi Onna akaweka kidole juu ya jina lile. Ng'ombe wakishateremshwa bondeni, alisema, malisho ya Alp Sura huwa ya wenyewe mpaka theluji iyeyuke, na mtu wa huku habonyezi kitufe. Seraina akacheka sana.

"Mama naye! Kwani majini wanakata tiketi siku hizi?"

"Cheka tu. Mimi nitawasubiri kileleni."

Basi treni iliposimama wakashuka, yeye na mtoto. Kibanda cha wachungaji kilikuwa kimepigiliwa mbao mlangoni, lakini bomba lake lilikuwa linatoa moshi, na hewa ilinuka maziwa yaliyochacha. Kengele ya ng'ombe ikalia mahali fulani chini ya theluji. Seraina akainua simu apige picha moja tu. Alipoishusha, Ladina hayupo.

"Ladina! We Ladina!"

Mtoto akatokea nyuma ya kibanda, anatembea taratibu, hana tena kofia yake nyekundu. Seraina akamkumbatia kwa nguvu. Hakuuliza kitu, alichotaka ni treni ije.

Kileleni mtoto hakuigusa supu. Aliomba maziwa, akamaliza, akaomba tena. Bibi Onna akainama, akamnusa utosini, na uso ukamshuka.

"Seraina," alinong'ona, "huyu umemtoa wapi?"

"Mama, usinitanie, tafadhali."

"Sitanii. Wamekubadilishia. Mrudishe palepale kabla jua halijazama, umchukue wako. Likizama, humpati tena."

Wakateremka na treni ya kurudi, Seraina ameushika ule mkono mdogo ambao haukupata joto hata ndani ya glavu, harufu ya maziwa imejaa behewa zima, kengele ile inalia sasa chini ya sakafu, chini ya miguu yao, na jua linagusa ncha ya mlima, linakatika, linabaki uzi tu, na pale mbele, kwenye kituo cha Alp Sura, amesimama mtoto mwenye kofia nyekundu, amenyoosha mikono yote miwili, mdomo wazi, analia, "Mama!"

Seraina akarukia kitufe. Akabonyeza, akabonyeza tena, akakipiga ngumi huku akipiga mayowe. Taa haikuwaka. Treni haikupunguza mwendo. Bibi Onna alikuwa ameshapiga magoti kati ya viti, anamwita Maria Mtakatifu.

Mkono mdogo wa baridi ukaja kuufunika wa Seraina.

"Mama," akasema yule mtoto, kwa sauti ileile ya Ladina, "majira ya baridi hatushuki hapa."