Samaki Kumi na Mmoja wa Wifi

Samaki walikataa kula. Mshonaji aliwamwagia chakula asubuhi, kikaelea mpaka kikalowa, na wao wote kumi na mmoja wamejipanga chini ya mayungiyungi, vichwa vimeelekea dirisha la jikoni. Wanamtazama yeye.

Bwawa lile la uani lilikuwa la wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyelazwa hospitali mwezi wa pili sasa. Siku ya kuondoka wifi alimshika mkono. "Maji ya bomba yana dawa, wifi yangu. Yalaze kwenye pipa siku nzima ndipo uwaongezee. Ukiwapa mabichi, umewaua."

Mshonaji aliitikia ndiyo, ndiyo. Lakini siku ya kuongeza maji, kwa jirani kulikuwa na umbea mtamu, mume wa mtu kafumaniwa, sasa nani angesubiri pipa? Akatumbukiza mpira bwawani, akafungulia bomba, akaenda zake kusikiliza. Aliporudi, samaki wote walikuwa matumbo juu, hata yule mzee mweupe aliyezoea kula mkononi mwa wifi. Akawafukia nyuma ya choo, akanunua wengine kumi na mmoja wa rangi zilezile, ndio hawa waliogoma kula. Kwenye simu akasema, "Wazima wote, wifi. Wananenepa!"

Sasa ikaja harufu, ile ya dawa ya bomba, kali, ya kuchoma pua. Ikawa kwenye chai, kwenye kitambaa alichokata, kwenye mto. Na mchana mmoja wa jua kali, mtaa umenyamaza, mguu wake umetulia kwenye cherehani, alisikia midomo ikilamba hewa, pwa, pwa, pwa, si bwawani bali chini ya meza, karibu kabisa na vidole vyake, na alipoinama kutazama hakuona kitu ila sakafu iliyolowa, na unyevu ule ukawa unasogea, polepole, kumfuata kila alipovuta mguu.

Wifi aliporuhusiwa, hata chumbani hakuingia. Alikwenda moja kwa moja bwawani, akaketi, akatia mkono majini. Hakuja hata mmoja.

"Mbona hawaji?"

"Wamekusahau, wifi. Umekaa sana huko."

Wifi akalia kimyakimya, mkono bado majini. Mshonaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Mara wifi akapiga ukelele. "Kuna kitu kimenishika!" Walivutana nacho mpaka mkono ukatoka, una alama nyeupe za vidole sita, unanuka dawa.

Mganga wa kike aliitwa siku hiyohiyo. Alichota maji, akayanusa.

"Hapa pana mwenyewe," alinong'ona. "Jini. Samaki wa bwawa hili aliwahesabu wanawe, na wanawe wameuawa. Aliyewaua ajitaje aombe radhi, yataisha. Akitajwa mwingine, jini atamfuata huyohuyo."

"Wameuawa?" wifi akauliza. "Si hawa hapa?"

Wote wawili wakamgeukia mshonaji. Uso ulimwaka moto.

"Ni fundi bomba," akasema. "Alikuja kutengeneza koki, akaacha maji yanaingia, wakafa. Hawa ni wengine. Niliona haya kukwambia."

Maji yakachemka bila moto. Kitu kisichoonekana kikapita katikati yao, baridi, na lango likafunguka lenyewe. Nyayo za maji zikateremka na kichochoro kuelekea kwa fundi. Bwawani samaki wakapanda juu, wakaanza kula.

Wifi alimkumbatia. "Ungeniambia tu, jamani. Hata ingekuwa wewe, ningekusamehe."

Siku ya tatu mshonaji alikwenda kumwona fundi. Alimkuta amelala mkekani, macho makavu, anahema kama aliyetolewa majini, na kila akikohoa anatapika kikombe kizima cha maji.

"Karibu, shoga," mkewe alisema, sauti imekauka. "Hospitali hawaoni ugonjwa. Wote wametukimbia, wewe tu umetujali. Na yeye swali lake ni moja, eti amemkosea nani."

Fundi aligeuza kichwa, akamkazia macho mgeni wake, anasubiri.

Mshonaji alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Pole yake," alisema, akaanza kutafuta kandambili zake mlangoni.