Asante kwa Muda Wako

"Umempa mkono?"

"Nimempa mkono, ndiyo."

"Mwanamume uliyemsubirisha mwaka na nusu anakwambia muachane, na wewe unampa mkono kama mwenyekiti anayefunga kikao?"

"Dada, punguza sauti. Nipo barabarani."

"Sipunguzi! Halafu ukamwambia nini?"

Sista alisimama kando ya duka la rangi, simu sikioni, mkoba wa zawadi bado begani. Jina hilo la Sista alibandikwa nyumbani wiki ile ile aliyorudi kutoka misheni, ambako wamisionari wa kike huitwa hivyo, na aliyelibandika ni huyu huyu dada yake mkubwa anayemfokea sasa.

"Nikamwambia, asante kwa muda wako."

Dada mtu akacheka, kicheko kikavu.

"Mdogo wangu, ulikwenda kuhubiri au ulikwenda kugandishwa kwenye friji?"

"Amesema hapana. Nimejifunza kuheshimu hapana ya mtu."

"Haya. Iheshimu. Usiku ukilala uikumbatie."

Simu ikakatwa.

Sista alitabasamu peke yake. Hata yeye hakujua alikuwa akimtabasamia nani.

Mwaka na nusu nyuma, alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao kwenye karakana ya Fundi, kijana mrefu mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Barua ya wito ilikuwa imekuja. Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao mtaani huitwa Wamormoni, lilikuwa likimtuma ng'ambo, kwenye nchi ambayo hata lugha yake hakuijua.

"Kwa hiyo kazi yenyewe ni kugonga milango ya watu?" Fundi aliuliza.

"Kugonga, kusalimia, kuwafundisha wanaotaka."

"Mimi natengeneza milango, wewe unakwenda kuigonga. Mungu naye ana utani."

"Wakinifungia usoni je?"

"Watakufungia sana tu, na hiyo sauti yako ya kuomba chumvi." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini ukirudi, kuna mmoja hautafungwa. Nitautengeneza mwenyewe. Juu nitautia kioo, maana wewe na giza hampatani."

Aliondoka na ahadi hiyo kifuani, na juu yake beji nyeusi yenye jina lake.

Huko ng'ambo wamisionari hutembea wawili wawili. Mwenza wake, msichana mcheshi aliyemtangulia kwa miezi kadhaa, ndiye aliyemfundisha kazi. Siku ya kwanza walifungiwa milango jengo zima, na Sista akaketi kwenye ngazi akilia kwa kwikwi.

"Sikiliza," mwenza alimwambia, akimfuta kwa ncha ya skafu yake. "Mtu akisema hapana, usibishane, usinune. Tabasamu, mshukuru kwa muda wake, ondoka. Akutakie heri au akutukane, wewe muachie wema."

"Na hii inayouma ndani?"

"Itazoea."

Na kweli ilizoea. Alijifunza kununua mkate kwa lugha ya watu, kugundisha soli ya kiatu kwa gundi, kumwombea mzee aliyewamwagia maji kutoka ghorofani. Alijifunza kuwapenda watu wasiompenda, na hilo lilikuwa zuri, hata leo ni zuri. Ila chozi lilikauka polepole, na yeye akadhani ndiyo kukomaa kwenyewe.

Huko milangoni, mara moja tu kitu kilimgusa. Mwanamke mmoja mshonaji aliwafungia mlango kwa kishindo, nao wakashukuru, wakaondoka. Baadaye walimkuta kwenye foleni ya duka.

"Siku ile nilikuwa nimetoka kumzika mume wangu," mshonaji aliwaambia. "Niliwaambia mwende. Kisha nikasimama nyuma ya mlango, nikasikiliza viatu vyenu mpaka vikaisha."

Sista alimwomba radhi, wakaahidi kumtembelea. Lakini kabla ya siku kufika alihamishiwa mji mwingine, na habari ya mshonaji ikapotea.

Ujumbe wa nyumbani alizoea kuusoma siku ya maandalizi, ile siku moja ya juma ya kufua na kupumzika. Siku moja kama hiyo akakuta huu wa Fundi:

"Mama amefariki. Tunamzika kesho. Sijui niseme nini. Niandikie."

Alijibu:

"Pole sana. Utamwona tena, familia ni za milele. Tunakuombea faraja."

Fundi hakujibu mpaka kesho yake. "Asante," basi.

Tangu hapo ujumbe wake ulifupika, na Sista akadhani ni kazi zimembana. Ndiyo maana aliporudi alikwenda mbio karakanani na mkoba wa zawadi. Fundi hakumkumbatia. Alisimama mlangoni, patasi mkononi, akasema, "Nimechoka. Tuachane tu. Nenda."

Naye akatabasamu. Akampa mkono. Akashukuru.

Miezi ikapita. Alipata kazi ya kupokea wagonjwa kwenye zahanati, na kila mtu akamsifia kwa upole. Dada yake alimtazama jikoni siku moja, akasema, "Hata sahani ikikuvunjikia unatabasamu. Unanitisha." Sista akatabasamu.

Kisha mchana mmoja wa Jumapili, baada ya ibada, mwenza wake wa zamani akapiga simu. Naye alikuwa amesharudi kwao.

"Niambie, yule mtengeneza milango ameshakuoa?"

"Tuliachana. Alisema basi, nikamshukuru kwa muda wake."

"Ulimwambia vile? Vile vya milangoni?"

"Si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha ya wageni, mpenzi! Hiyo haikuwa ya mlango wako mwenyewe! Mimi mama akinifukuza, nakaa kizingitini nalia mpaka aone haya. Wewe ulilia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nilitabasamu."

Mwenza akashusha sauti.

"Unamkumbuka yule mshonaji?"

Sista alikaa chini. Alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba siku ile aliyompa Fundi mkono, alipofika njia panda, alikuwa bado hajasikia mlango wa karakana ukifungwa.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda.

Fundi alikuwa ameinamia mlango mkubwa uliolazwa juu ya meza, akiupiga msasa. Alipomwona, mkono ulisimama.

"Karibu," alisema.

"Sijaja kukusumbua."

"Najua. Wewe hujawahi kumsumbua mtu."

Maneno hayo yalimchoma, akayapokea. Akaugusa mlango. Ulikuwa mzuri, mzito, mbao tupu toka juu mpaka chini.

"Wa nani?"

"Wangu."

"Umejenga? Hongera."

"Vyumba viwili." Fundi aliweka msasa chini. "Naoa, mwezi ujao."

Sista alihisi midomo yake ikianza kutabasamu yenyewe, kama ilivyozoea. Akaizuia kwa vidole.

"Na ule wa kioo?" aliuliza.

"Ule niliumaliza kabla hujarudi. Niliuuza wiki ile ile uliyonipa mkono."

"Uliniambia niende."

"Nilikwambia, ndiyo. Mama alikufa, nikakuandikia wewe kabla sijawaandikia shangazi zangu. Ukanijibu kama unamjibu mtu uliyemkuta kwenye ngazi. Tunakuombea! Wewe na nani? Nikakaa na hilo miezi. Uliporudi nikataka nione kama bado nipo ndani yako."

"Ulitaka nikubembeleze?"

"Sikutaka ubembeleze. Nilitaka nione unaumia. Kidogo tu, nijue sikuumia peke yangu. Ulipotoka nilisimama hapa nyuma ya mlango, nikasema akigeuka tu, namkimbilia. Hukugeuka."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia. Kiburi kilinishika." Alipangusa uso kwa mkono, vumbi likabaki shavuni. "Nilikuwa mjinga mimi pia."

Hapo ndipo ilipotoka. Si chozi la kistaarabu la kufutwa kwa leso. Kilikuwa kilio cha zamani kilichokosa njia.

"Siku niliposoma habari za mama nilijifungia bafuni," alisema katikati ya kwikwi. "Nikafungulia bomba mwenza asinisikie. Yule ndiye aliyenifundisha kukata nguo. Aliniita mkwe kabla wewe hujanitongoza! Nililia mpaka maji yakafurika mlangoni. Kisha nikanawa uso, jioni tukaenda kufundisha."

"Kwa nini hukuniandikia hilo?"

"Nilidhani ulihitaji mtu mwenye nguvu."

"Nilihitaji hilo bomba," Fundi alisema. "Ungeniandikia habari ya hilo bomba, basi."

Walisimama pande mbili za mlango ule uliolala, hakuna aliyenyoosha mkono.

"Ni nani?" Sista aliuliza mwishowe.

"Aliyekuwa akimuuguza mama. Siku ile alikaa jikoni kwetu akalia kuliko mimi. Hakunifariji hata kwa neno moja."

"Unampenda?"

Fundi alimtazama machoni. Hakuwa mtu wa kudanganya, na hakuanza siku hiyo.

"Nampenda."

"Ungeniona hivi siku ile..."

"Ningefungua. Lakini sasa kuna mtu ndani. Siwezi kumtoa mtu ambaye hajakosa."

"Usimtoe," Sista alisema. Ilimchukua pumzi mbili kulimaliza neno hilo, na alilimaanisha. "Mpende sawasawa. Na akikukasirikia, usimpime. Mwambie."

"Nitamwambia."

Alichukua mkoba wake. Kwa mazoea ya mwaka na nusu, mgongo ulinyooka, mkono ukainuka, mdomo ukafunguka.

"Asante kwa..."

"Usiseme." Fundi alifumba macho. "Safari hii tafadhali usiseme."

Hakusema. Alitoka vile vile alivyokuwa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. Mwuza rangi wa jirani alimwona, akauliza, "Vipi, binti, salama?"

"Si salama," Sista akajibu, na hakutabasamu.

Alitembea taratibu. Kila hatua alitega sikio nyuma asikie msasa ukianza tena kukwaruza. Haukuanza. Akafika kwenye kona. Safari hii akageuka.

Fundi alikuwa amesimama kizingitini, mikono mitupu, vumbi bado shavuni. Walitazamana mpaka gari la mizigo likapita katikati yao, na lilipokwisha kupita, kizingiti kilikuwa kitupu. Ndipo Sista akausikia msasa, ukikwaruza polepole ule mlango usio na kioo.