Kiraka cha Katikati

Jua lilikuwa limebakiza kidogo tu lizame Paskalia alipotoka kwake kupeleka maziwa kwa Bibi Zipora. Kibuyu mkononi, mtoto wake Sikujua mgongoni, na begani ametupia lile shuka la viraka la marehemu bibi yake. Maziwa yalikuwa kisingizio tu, tusidanganyane. Alikuwa anakwenda kujidai.

Na kwa nini asijidai? Shuka lile lilikuwa gumzo la kijiji kizima, huko upande wa Kishapu, tangu kabla ya ile vita vijana wetu waliyopelekwa Burma. Bibi Mageni alijifunza kushona viraka kwa akina mama wa misheni Kolandoto, alipokaa kule kuuguza mguu, na aliporudi hakuweka tena sindano chini. Vipande vya kaniki, vya merikani, vya kanzu zilizochakaa, vyote aliviunga pamoja. Lakini hakumaliza. Katikati aliacha tundu la upana wa sahani, na tundu hilo hakuligusa miaka ishirini. Watu walimcheka. Bibi gani huyu, anashona shuka zima halafu anashindwa na kiraka kimoja! Yeye alicheka pamoja nao, akaendelea kuongeza viraka pembeni.

Alipofariki, mwezi wa tano, Paskalia alifanya kama wajukuu wa Usukumani wanavyofanya. Mjukuu na bibi ni watani, na utani huo haukomi hata maiti ikishushwa. Wengine walikuwa wanalia. Yeye alichungulia kaburini akasema kwa sauti, "Haya, mke mwenzangu, umekwenda na uvivu wako. Kazi iliyokushinda nitaimaliza mimi. Usije ukarudi kunisimamia!"

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi upya. Matanga yalipokwisha, wazee wakampa Paskalia kapu la bibi. Ndani mlikuwa na shuka lenyewe, vifungo, nyuzi, kikofia cha bati cha kuvalisha kidole, na sindano moja ndefu.

Kwa hiyo asubuhi ya siku hiyo alikaa uani akaliziba lile tundu. Kitambaa hakuwa nacho. Akaingia ndani akatoa shati kuukuu la kaki la mumewe Athanas, ambaye alikuwa na mwezi wa nne sasa anachimba dhahabu katika mgodi mmoja upande wa Geita. Kabla ya kulikata alilinusa. Alikuwa amemkumbuka sana mumewe, na hakuona aibu kujikubalia. Akakata kipande mgongoni mwa shati, akakishona kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akakata uzi kwa meno, na sindano akaichomeka kwenye pindo la shuka kama alivyozoea kuona bibi akifanya.

Bibi Zipora, mdogo wake marehemu, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anapepeta choroko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umenikumbuka? Au umegombana na jirani?"

Paskalia akatua kibuyu, akalitandaza shuka kwa mbwembwe zote. "Tazama! Dada yako miaka ishirini limemshinda. Mimi asubuhi moja tu."

Ungo ukamponyoka Bibi Zipora. Choroko zikatawanyika mchangani, na yeye hata hakuzitazama.

"Umemweka nani hapo?"

"Nimeweka nini, bibi?"

"Nimeuliza nani. Hapo katikati. Nguo ya nani hiyo?"

"Ya Baba Sikujua."

"Athanas?" Bibi kizee alisimama. "Athanas si yuko hai?"

"Bibi, swali gani hilo! Yuko mgodini. Barua yake si ilikuja juzi?"

"Mayo! Mayo wane! Mama yangu!" Bibi Zipora alimkamata mkono, akamvuta ndani, yeye na mtoto na shuka lake, akaufunga mlango kwa gogo. Akawasha koroboi ingawa nje kulikuwa bado na mwanga. Kisha akaanza kunong'ona, kidole chake kikitembea juu ya viraka.

"Huyu ni babu yako. Huyu ni mwanangu Herman, aliyeumwa na nyoka. Hawa wawili ni mapacha wa Coletha. Huyu ni mama yetu... Kila msiba, dada yangu alikwenda akaomba kipande cha nguo ya marehemu. Watu walidhani ni huzuni ya uzee."

Paskalia aliuondoa mkono wake juu ya viraka. Alikuwa amelala na shuka lile wiki nzima, amemfunika nalo mtoto.

"Na katikati?"

"Katikati ni mlango. Masamva, hawa wazee wetu walio chini, hapo ndipo wanapopita kwenda na kurudi. Dada aliniambia mara moja tu, na mimi sikumuuliza mara ya pili. Sasa wewe umewafungia. Tena umewafungia kwa mtu mwenye pumzi yake."

"Kwani bibi alikuwa mchawi?"

"Sijui." Bibi Zipora alitikisa kichwa. "Tumelala kitanda kimoja utotoni, na sijui. Fumua. Fumua upesi, kabla giza halijaingia. Uzi mmoja mmoja, kwa sindano ile ile. Kisu usitie."

Paskalia akachomoa sindano kwenye pindo, akakaa chini, akaanza kufumua.

Jamani, kushona ni kazi ya kuimba. Kufumua kwa hofu ni jambo jingine. Vidole vilikuwa vimelowa jasho, na uzi alioukaza mwenyewe asubuhi kwa madaha sasa ulikuwa unamkatalia. Kona ya kwanza ikatoka. Mwanga uliokuwa unapenya chini ya mlango ukageuka mwekundu.

Kona ya pili...

Ndipo aliposikia harufu. Kwanza udongo mbichi, wa chini kabisa, ambao haujawahi kuona jua. Halafu moshi mkali uliomchoma puani. Harufu hiyo aliijua. Athanas aliporudi likizo mara ya mwisho, nguo zake zote zilinuka hivyo hivyo, baruti ya mgodini.

Shuka likaanza kuwa zito. Mapajani mwake lilikuwa nguo. Sasa lilikuwa na uzito wa mtu aliyelala.

Ko... ko... ko...

"Nani anagonga?" alinong'ona.

"Si mlangoni," Bibi Zipora akajibu, naye macho yake yalikuwa sakafuni. "Fumua tu."

Kona ya tatu ikaachia. Wakati huo huo mwanga wa chini ya mlango ukafa, na giza likawa limeingia.

"Hodi."

Paskalia aliifahamu sauti ile ya mlangoni kabla haijasema neno la pili. Sauti nene, yenye kikohozi kidogo ndani yake, iliyomwimbia tangu yuko mgongoni.

"Mjukuu... nipe sindano yangu."

Huku kwetu jua likishazama, sindano haiazimwi, haitolewi, hata kutajwa haitajwi. Dukani ukiiuliza usiku, mwenye duka anakufukuza. Hakuna mtu mzima asiyejua hilo. Bibi Zipora alimziba Paskalia mdomo kwa kiganja chake kikavu.

Mtoto mgongoni akacheka. Akacheka vile vile alivyozoea kucheka kila Bibi Mageni alipomtekenya miguu.

"Mjukuu... umenifungia nje..."

Paskalia aliinamisha kichwa akaendelea. Machozi yalimziba macho, akayapangusa kwa bega. Zilibaki nyuzi chache za kona ya nne. Akaingiza sindano, akainua uzi, ukamponyoka. Akaingiza tena.

Ikaja sauti nyingine. Haikutokea mlangoni. Ilitokea mapajani mwake.

"Mama Sikujua."

"Mama Sikujua... kata."

"Baba Sikujua? Uko wapi?"

"Kata. Kata haraka. Naumia."

"Si yeye!" Bibi Zipora alikuwa amemshika mabega kwa mikono yote miwili. "Usisikilize! Wanakudanganya hao!"

"Ni yeye, bibi. Mume wangu nitashindwa kumjua?"

"Kata..."

Kisu cha kukatia mboga kilikuwa kando ya jiko. Sijui alikifikiaje. Alikishika akakata, na koroboi likazimika hapo hapo. Kwa giza na kwa haraka ile, kisu kiliacha uzi kikapita kwenye kitambaa. Kiraka cha kaki kikabaki mkononi mwake. Lakini kona yake moja, isiyozidi kiganja cha mtoto, ilibaki pale pale, imeshonwa kwenye shuka.

Harufu ikapotea. Hakukuwa na mtu mlangoni. Walikaa hivyo, bibi kizee na mjukuu wamekumbatiana, mtoto katikati yao, na hakuna aliyethubutu kwenda kuwasha moto.

Siku ya tisa lori la pamba likamshusha Athanas barabarani.

Alikuwa amekonda, lakini alikuwa hai. Paskalia alimkimbilia akipiga vigelegele, akamkumbatia, na ndipo alipoona. Mkono wa kushoto uliishia kwenye kifundo. Palipokuwa na kiganja palifungwa bendeji.

Baadaye, walipokuwa wawili, Athanas alimsimulia. Ilikuwa jioni ya siku ile ile. Mwamba uliporomoka shimoni, wenzake watatu wakafa. Yeye alilaliwa na jiwe mgongoni, akajua amekwisha.

"Halafu likaondoka," alisema. "Sijui liliondokaje. Hakuna mtu aliyelinyanyua. Niliona tu linapungua uzito, kidogo kidogo, mpaka nikabaki nimebanwa mkono peke yake. Maji yalikuwa yanapanda. Nikamwambia mwenzangu Marselino, aliyepona, kata. Ana shoka mkononi, hataki. Nikamlilia, kata, kata haraka, naumia."

Paskalia alishika tama.

"Na mkono wenyewe?"

"Uko huko chini. Nani angerudi kuuchukua?"

Paskalia hakumwambia habari za shuka. Nani kati yetu angemwambia? Usiku mmoja mzima alijilaumu kwamba amemkata mumewe, usiku uliofuata akajisifu kwamba amemwokoa, na hata mimi ninayesimulia sijui lipi ni kweli. Alijaribu kuifumua ile kona iliyobaki. Sindano ya bibi ikavunjika vipande viwili, na uzi haukuonyesha ncha popote. Alipotaka kulichoma shuka, Bibi Zipora alimkatalia. "Kile kipande kiko humo. Ukichoma, unamchoma nani?"

Akalirudisha kapuni. Usiku huo Athanas hakulala.

"Una nini?"

"Mkono una baridi."

Paskalia akaushika ule wa kulia, akaupuliza. Ulikuwa na joto.

"Siyo huo," Athanas alisema.

Kesho yake, kwa kubahatisha tu, Paskalia alilitoa shuka akalianika juani, juu ya ua wa minyaa. Saa nne hivi mumewe alitoka nje akijinyoosha, uso umefurahi. "Leo ule mkono umepata joto," akasema, na hakueleza zaidi. Tangu hapo Paskalia alilianika kila asubuhi, na kila jua likianza kushuka alilianua akalikunja, ile kona ya kaki akiiweka ndani kabisa, katikati ya mikunjo. Aliifanya kazi hiyo kwa upendo, kama mtu anayemlea mgonjwa. Mumewe alianza kunenepa. Akaanza kulima kwa mkono mmoja, akaanza hata kumrusha Sikujua juu na kumdaka. Paskalia akajiambia kwamba wataishi hivyo, basi, na kwamba wako watu wanaoishi na mabaya zaidi.

Mpaka ile siku kisima cha karibu kilipokauka akalazimika kwenda kuchota mbali. Aliporudi na mtungi kichwani, jua lilikuwa linamalizika. Athanas alikuwa amekaa sebuleni, bakuli la uji mkono wa kulia, mtoto amelala kando yake.

"Mama Sikujua."

"Abee."

"Kuna mtu amenishika mkono."

Paskalia alitazama. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika bakuli. Mtoto alikuwa usingizini. Athanas akauinua polepole ule wa kushoto, ulioishia kwenye kifundo, akaunyoosha mbele, nao ukabaki umenyooka hivyo hivyo. Hakuweza kuushusha.

"Mwambie aniachie," alisema. Uso wake ulikuwa umejaa jasho. "Sasa hivi wameongezeka. Mwambie..."

Mtungi ukaanguka ukapasuka. Paskalia alikuwa ameshatoka mbio.

Shuka lilikuwa juu ya minyaa, pale pale alipolianika. Upepo haukuwepo hata wa kutikisa jani. Upande wa huku lilining'inia kawaida. Lakini upande wa kule, ile kona ya kaki, pembeni mwa tundu, haikuning'inia. Ilikuwa imenyooka, imekazwa, inashuka taratibu kuelekea chini, na shuka lote linaifuata juu ya minyaa, kidogo... kidogo... Nyuma ya ua alisikia kile kikohozi kidogo cha bibi yake.

Ndani ya nyumba Athanas alipiga ukelele.

Paskalia hakuomba, hakulia, wala hakumwita Bibi Zipora. Alilirukia pindo la upande wa huku akalikamata kwa mikono yote miwili.

"Bibi, huyu ni wangu," alisema. "Huyu simtoi."

Akakaza miguu mchangani, akavuta.

Na nyuma ya minyaa nao wakavuta.