Taa ya Poti ya Mwisho

Poti isiyo na waya haiwaki taa. Hilo halina mjadala. Tundu likiwa tupu, taa zake mbili ndogo hulala, na anayekuambia vingine ama hajui kazi ama anakuchezea.

Kwa hiyo fundi mtandao wa kiwanda cha unga alipofungua chumba cha mitambo asubuhi ile na kuona taa ya manjano ikicheza kwenye poti ya mwisho, kulia kabisa, hakuogopa. Alikasirika. Alijua kuna mjanja kachomeka waya kinyemela. Akainama mpaka pua ikakaribia chuma. Tundu lilikuwa wazi kama kinywa cha kibogoyo. Hapakuwa na waya. Na juu yake ile taa ikawaka, ikazima, ikawaka, kama mtu anayepepesa jicho gizani.

"Kumekucha na vituko," akasema, akalipiga kabati kofi.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cheusi, bapa, kipana kama sinia la chai, kimefungwa kwa skrubu katikati ya kabati la chuma. Kazi yake ilikuwa kulinda mtandao wa kiwanda. Chochote kinachotaka kuingia kutoka nje kilipita kwake kwanza, na kisichojulikana kilirudishwa. Wafanyakazi walikiita Bawabu. Usoni kilikuwa na taa ya umeme, taa ya hali na taa ya onyo, kisha msururu wa matundu ya kuchomekea waya, ndizo hizo poti, kila moja na taa ya kijani inayosema waya umeshika na ya manjano inayocheza kila kitu kinapopita. Fundi alizisoma taa zile kama mama anavyousoma uso wa mtoto mgonjwa.

Kiwandani walimwita Bwana Hapana. Ukimwomba akufungulie mpira uangalie kwenye kompyuta ya ofisi, hapana. Ukimletea simu yako aiunge, hapana, na tusi dogo juu yake. Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea watu nguo pale sebuleni, na ufunguo alikuwa nao, lakini mume alikaza komeo la ndani kila alipoingia, na halikulegea mpaka asikie hodi aliyoijua: mbili za haraka, kimya, kisha moja. Mkewe aliigonga kwa kastabani, kile kikofia cha chuma anachovaa mshonaji kidoleni asijichome sindano. Ti-ti. Ti. Aliitunga mwenyewe, nusu kwa mapenzi, nusu kwa kumdhihaki. Mdogo wake, ambaye ndiye mhasibu wa kiwanda, alikuwa akicheka kwamba dada yake hakuolewa na mwanamume, ameolewa na kitasa.

Sasa, mafundi wa mtandao wana kosa lao moja ambalo karibu kila mmoja keshalifanya na hakuna anayelitangaza. Kitu kikigoma kupita, na wakubwa wamesimama mgongoni wanapiga kelele, fundi humwandikia Bawabu amri moja: ruhusu wote, kutoka kokote, kwenda kokote. Husema ni kwa majaribio tu. Kitu kinapita, wakubwa wanatawanyika, naye anasahau kuifuta.

Bwana Hapana alikuwa amelifanya jana yake. Ghala la pili lilikuwa halipokei oda, malori yamepanga foleni getini, meneja anamuuliza mbele ya wapakiaji kama cheti chake alikiokota jalalani. Damu ikamchemka. Akaiandika ile amri, na alipobonyeza akatamka kwa sauti, chumba kizima kikisikia: "Haya, piteni nyote! Anayetaka na asiyetaka!"

Oda zikapita. Akaenda nyumbani kichwa kinamgonga, akajitupa kwenye kiti. Baadaye kidogo akasikia mkewe yuko mlangoni, amerudi kutoka kupeleka gauni la mteja. Akamfungulia, akala, akalala.

Ndiyo maana asubuhi ile, baada ya kulipiga kabati kofi, jambo la kwanza alilokumbuka ni ile amri. Akaifuta mara moja. Poti zote zikatulia kwenye mwendo wao wa kawaida. Ya mwisho ikaendelea kupepesa.

Akachukua kizibo cha plastiki, vile vidude vya kuzuia vumbi, akakibana tunduni kwa nguvu. Aliporudi kutoka kunywa chai alikikuta sakafuni. Akakiokota akakitupa tena pale pale, kwa sababu kilikuwa na joto, joto la kitu kilichotoka mkononi mwa mtu.

Katika kiwanda cha unga, kila kitu kina ngozi nyeupe. Ukifuta asubuhi, mchana umerudi. Uso wa Bawabu nao ulikuwa na ukoko wake wa unga, isipokuwa kuzunguka poti ya mwisho. Pale palikuwa safi, duara jeusi, na fundi alipokaza macho aliona chembe zikisogea mbali na tundu, zikitulia, zikisogea, kama kuna mtu ndani anahema.

Na harufu. Chumba kile kilinuka chuma cha moto tangu zamani. Sasa kilinuka kitambaa kilichoungua na mafuta mepesi, mafuta aliyoyajua vizuri, ila hakuweza kukumbuka aliyajulia wapi.

Kilichomtisha zaidi ni taa ya onyo. Haikuwaka. Bawabu yule alikuwa mwoga, kelele kidogo tu anawasha nyekundu, na safari hii alikaa kimya kama aliyelipwa. Fundi alilielewa hilo kabla hajataka kulielewa: Bawabu hapigi ukelele kwa mgeni aliyekaribishwa.

Kisha simu za ofisini, ambazo sauti zake zote hupita kwa Bawabu, zikaanza kuita zenyewe. Anayepokea alisikia pumzi, na kitu kigumu kikigonga mbali sana, kama mtu amefungiwa ndani ya tangi. Karani wa oda aliacha kazi siku hiyo hiyo, hakuaga. Wapakiaji walikataa kupita mbele ya chumba cha mitambo, hata mchana jua likiwaka, hata kwa kusukumwa. Mhasibu aliipokea simu ya mezani kwake, akasikiliza muda mrefu, akairudisha taratibu na kumfuata shemeji yake.

"Shemeji, kuna mwanamke mle ndani analia."

"Hamna mtu. Ni hitilafu."

"Hitilafu inalia?"

Akamwambia aende akahesabu magunia yake. Lakini hasira ile ilikuwa ya mdomoni tu. Maana nyumbani nako mambo yalikuwa yameharibika, na hapo ndipo roho yake yote ilipokuwa.

Mkewe alikuwa anamwishia machoni. Tangu siku ya oda hakukaa kwenye cherehani. Alisema sindano inamtazama. Chakula alikigeuza geuza kwenye sahani akakirudisha jikoni kama kilivyo. Mikono yake ilikuwa ya baridi, ngozi kavu, na akikaa gizani alipenda kukaa ameuelekea ukuta. Mdogo wake alikwenda kumtazama, akatoka amenyong'onyea, akasema dada hakumtania hata neno moja, alimwangalia tu kama mtu anayesoma kibao cha duka. Daktari alimpima, hakuona kitu. Mwanamume yule ambaye hakuwahi kumwambia mkewe neno laini mbele za watu akawa anamlisha uji kwa kijiko, na uji unamwagika kidevuni. Aliapa moyoni kwamba kiende kiwanda, kiende kibarua, yeye abaki na huyu tu.

Usiku mmoja mkewe akageuka kutoka ukutani. "Kizime kile kisanduku," akasema. "Ndicho kinachonila."

Hakuwa amemsimulia habari za Bawabu. Akajiambia lazima mdogo wake ndiye aliyemwambia, akaridhika, kwa sababu alitaka kuridhika.

Wapakiaji ndio waliomleta mganga, mama wa makamo mwenye miwani mizito na mkoba wa ngozi, asiye na mbwembwe. Fundi ambaye angemfukuza mtu kama huyo kwa fimbo alimshika mkono akamwingiza mwenyewe. Alifunika hata kitambua-moshi cha darini kwa mfuko wa nailoni ili mafusho yasiite zimamoto. Mhasibu, pamoja na hofu yote, alinong'ona kwamba leo ndiyo siku ya kwanza Bwana Hapana kusema ndiyo.

Mganga alimtaka aeleze, naye akaeleza yote bila kuficha: ile amri, yale maneno aliyoyatamka, na njia aliyojitengenezea kutoka kwa Bawabu mpaka kompyuta ya nyumbani kwake, ili akiitwa usiku afanye kazi sebuleni asitoke.

"Umemwita, na barabara ya kufika kwako umemchongea," mganga akasema. "Jini akikaribishwa haibi. Anabadilishana. Anachukua mahali, anaacha mahali." Akavua miwani, akaifuta. "Nyumbani kwako, kila mtu yuko mahali pake?"

"Tuko wawili tu. Mke wangu anaumwa, lakini yuko."

"Una hakika ni yeye?"

"Nilimfungulia mlango mwenyewe."

Mganga alimtazama kidogo, kisha akavaa miwani. Alikuwa anategemea neno la mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa amesema.

Akafukiza. Moshi ukalizunguka kabati, na poti ya mwisho ikaanza kuwaka kwa fujo, haraka, bila mpango, kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi zote mbili, na simu zote za ofisini zikaita kwa pamoja, na kule nje mitambo ya kusaga ikakwama ghafla ikaacha ukimya ambao hakuna aliyewahi kuusikia kiwandani mchana, na ile harufu ya kitambaa kilichoungua na mafuta mepesi ikajaa puani mwa fundi mpaka machozi yakamtoka, na mganga akapaza sauti kwamba sasa, azime sasa, asimwache apumue, naye akamfikiria mkewe amekaa ameelekea ukuta, akazungusha mkono nyuma ya kabati, akaushika waya wa umeme wa Bawabu, akaung'oa.

Feni ikalia kilio chembamba, ikashuka, ikanyamaza. Taa ya umeme ikafa. Ya hali ikafa. Poti zikazimika moja baada ya nyingine kama madirisha ya mtaa watu wanapolala.

Ya mwisho haikuzimika.

Ilikuwa imeacha fujo. Iliwaka katika kisanduku kisicho na umeme, dhaifu, kama mtu aliyechoka ambaye amekumbuka, mwishoni kabisa, namna ya kubisha ili afunguliwe. Mbili za haraka. Kimya. Moja.

Fundi akasimama na waya mkononi.

Mbili za haraka. Kimya.

Ile moja haikuja.

Hapo ndipo alipoijua ile harufu. Ni mafuta ya cherehani. Na hapo ndipo alipoikumbuka jioni ya oda kama ilivyokuwa: kichwa kinamgonga, mlangoni kunaparuza, kunaparuza tu, kama kucha juu ya mbao, na yeye anainuka na kulegeza komeo bila kuuliza, kwa sababu amechoka na kwa sababu nani mwingine angekuja saa ile. Hodi hakuisikia. Kwa miaka yote ya ndoa, ndiyo mara pekee aliyofungua bila hodi.

Aliuchomeka waya. Bawabu akaamka, feni ikavuma, poti zikawaka kijani kwa utaratibu wake, nzuri, za kawaida. Ya mwisho ilikuwa tundu jeusi. Akakigonga chuma kwa kucha, mbili, kimya, moja. Akagonga tena. Akaegemeza paji la uso pale na kuliita jina ambalo hakuna kiwandani aliyewahi kumsikia akilitamka. Mhasibu alikuwa amelisikia tangu utotoni. Akamwangalia shemeji yake, akaiangalia poti, akakaa chini sakafuni kwenye unga. Mganga alikusanya vitu vyake polepole. Alisema hakuna dawa ya mlango uliofungwa na mwenye nyumba, na ujira hakuupokea.

Mitambo ya kusaga ilianza tena. Meneja alituma shukrani kwamba simu zimetulia.

Fundi alitembea mpaka nyumbani. Kizingitini kiatu chake kilipiga kitu kidogo kikabingirika kwenye saruji. Akakiokota kwenye vumbi, kitu kilichokuwa kimejificha pembeni mwa kizingiti tangu ile jioni: kastabani, imebonyea upande mmoja, ncha yake imekwaruzwa kwa kugonga.

Akaivaa kidole kidogo, ambapo haikuingia zaidi ya kucha. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda. Ilikuwa inakwenda kwa kasi, bila kupumzika, kavu, sauti ya sindano inayoshona bila uzi na bila kitambaa.

Hakubisha. Hakuwa na pa kwenda, na alisimama tu, hata hakuuinua mkono. Cherehani ikanyamaza. Komeo la ndani, lile alilolifunga siku zote yeye, likasikika likirudi nyuma taratibu, na mlango ukafunguka kiasi cha kupita mtu mmoja.

"Pita," ikasema sauti ya mkewe kutoka gizani. "Unayetaka na usiyetaka."