Chumvi Shavuni

Mama alipoinama kumbusu mwanawe baada ya usingizi wa mchana, midomo yake ilionja chumvi.

Hakushtuka sana. Joto lilikuwa kali, na watoto hutoka jasho. Lakini shavu lilikuwa kavu. Alipolipapasa, kidole kilitoka na unga mweupe unaokwaruza. Akamwogesha mtoto, akamvika nguo safi, akanyamaza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mumewe alizoea kumtania kwamba ukitaka neno kwake, uje na jembe ulichimbe.

Mume mwenyewe alikuwa chumba cha pili akipiga msasa. Kiwandani alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Nyumbani, kila alipopata nafasi, aliunda mfano wa pikipiki iliyomuua kaka yake.

Kaka huyo watu walimwita Kimbunga. Alitaka kuvunja rekodi ya mwendo kasi kwenye uwanda mkubwa wa chumvi, amelala kifudifudi ndani ya pikipiki ndefu iliyofunikwa bati toka pua hadi mkia, kama samaki. Rekodi ya namna hiyo huhesabiwa kwa kwenda na kurudi. Kwenda, Kimbunga alikimbia kuliko yeyote aliyewahi kupita pale. Kurudi, hakufika. Rekodi hakupewa. Mtoto alizaliwa juma lile lile, akarithi jina lake la kweli, na fundi akapata wa kumtania: "Kaka, umeamka? Kaka, umejikojolea tena, mtu mzima wewe?"

Mfano ulikuwa na urefu wa mkono, na hakuna kipande chake kilichonunuliwa. Bati lilitoka kwenye sufuria chakavu, matairi yalichongwa kwenye soli za kandambili, mabomba ya moshi yalikuwa kalamu zilizokwisha wino. Hata injini aliiweka, ingawa mwili ukishafungwa hakuna ambaye angeiona.

"Sasa nani atachungulia huko ndani?" mama aliuliza.

"Kaka angechungulia," fundi alijibu, akarudi kwenye msasa wake.

Siku moja baada ya mfano kukamilika, mama aliukuta mwisho wa korido, pua yake imegusa mlango wa chumba cha mtoto.

"Umeuleta wewe huku?" alimwuliza mumewe.

"Mimi? Nilidhani ni wewe, unataka kupangusa vumbi."

"Thubutu! Hata kuupumulia naogopa, usije ukanifukuza nyumbani."

Wakacheka. Kisha mama akaangalia chini. Sakafuni palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi, ulioanzia chumba cha kazi hadi pale walipokuwa wamesimama. Mstari wa kuja. Wa kurudi haukuwapo.

Tangu siku hiyo nyumba ikaanza kunuka mpira unaoungua. Mama alikagua jiko, akakagua nyaya za umeme, akakagua hata uani kwa jirani. Hakuna kilichoungua. Na shavu la mtoto, kila alipoamka, lilikuwa na chumvi.

Kisha ikaja alasiri moja ambayo fundi alikuwa kazini. Mama alikuwa akikunja nguo sebuleni aliposikia mlio, mwembamba kwanza, kama inzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Akadhani ni inzi kweli, akaendelea kukunja. Mlio ukanenepa, ukapanda, ukaanza kutetemesha vikombe kabatini, na yeye akainuka na shati la mumewe likiwa bado mkononi, akaifuata korido huku harufu ya mpira ikimkaba koo na chumvi ikilia chini ya ndara zake, akasukuma mlango, akamwona mwanawe amelala kifudifudi, kidevu juu, mikono ameinyoosha mbele na vidole amevifunga kana kwamba ameshika usukani, macho wazi bila kupepesa, nywele zake laini zimelala nyuma na mashavu yake yamevutwa kuelekea masikioni na upepo mkali, wakati pazia la dirisha, hatua moja tu kutoka kitandani, lilikuwa limetulia tuli.

Na mlio ulikuwa ukitoka kifuani mwake.

Mama alimnyakua, akatoka mbio hata bila kufunga mlango.

Shangazi yake fundi alikuwa mganga, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko dawa zake. Alifika jioni ile ile, akaunusa mfano kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala.

"Ndani humu mna nini cha mtoto?"

"Hamna kitu, shangazi," fundi alisema.

"Nakuuliza tena, na usinijibu kama unamjibu polisi."

Fundi akainamisha kichwa. "Nywele zake. Zile tulizomnyoa mara ya kwanza. Nilihitaji nyaya za breki. Kila waya niliopata, kwa kipimo kile, ulikuwa mnene kama kamba ya ng'ombe."

Mama alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi.

"Lile ni jini la uwandani," shangazi alinong'ona. "Lilimpanda ndugu yako akiwa mbioni, na nusu ya safari imelikaa kooni. Wewe umelitengenezea chombo, ukakifunga kwa nywele za mtoto, na kila asubuhi unamwita kaka. Ulitarajia nini?"

"Na kama ni kaka mwenyewe?"

"Kaka yako amepumzika. Fungua, toa nywele, kisha kirudi kilikotoka kikiwa kitupu. Umenisikia? Kitupu."

"Nimesikia."

Fundi akaingia na mfano chumba cha kazi kwa sababu ya vifaa, akafunga mlango. Alikawia. Alipotoka, alikuwa na kishungi cha nywele kiganjani, na mwili wa pikipiki ulikuwa umeshafungwa. Shangazi akazichoma nywele kwenye kisosi, akiomba chini kwa chini, kisha wakaiweka pikipiki mwisho wa korido, pua ikitazama nje.

Mwanzoni haikutokea kitu. Kisha magurudumu ya kandambili yakajizungusha, polepole, halafu kwa kasi ambayo macho hayakuweza kuifuata, na pikipiki ikapita katikati yao, ikaruka kizingiti, ikakata ua, ikatoka getini, na mlio wake ukaendelea kusikika ukienda na kwenda na kwenda, mbali kuliko mtaa wao ulivyokuwa mrefu.

"Kwisha," shangazi akasema, akaomba maji ya kunywa.

Usiku mama alimbusu mtoto. Maziwa na sabuni tu. Akambusu tena, akacheka peke yake, akaenda kumwambia mumewe.

Fundi alikuwa amelala kifudifudi, kidevu juu. Kwenye ndevu zake, upande wa kushoto, palikuwa na pengo dogo lililokatwa vizuri, kwa mkasi wake mdogo wa kazi.

"Mume wangu," mama alinong'ona. "Uliirudisha tupu?"

"Alibakiza kurudi tu," fundi alisema, macho wazi. "Ningemwachaje njiani?"

Dirisha lilikuwa limefungwa. Nywele za mumewe zilikuwa zimelala nyuma, na mikono yake, taratibu, ilikuwa ikinyooka mbele. Mama akainama, akagusa shavu lake kwa midomo, huku akijua tayari ataonja nini.