Keria Iliyotoka Mtoni

Jua lilikuwa linazama, na fundi Nati alikuwa anakusanya spana zake afunge banda, aliposikia gurudumu bovu likilia njiani.

Kwi... kwi... kwi...

Mwanamke wa makamo alikuwa anasukuma pikipiki kuukuu. Hakuhema, wala hakuwa na tone la jasho. Pikipiki ilinuka tope la zamani, lile la chini kabisa.

"Shikamoo, mama. Tumeshafunga."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. "Toa kila chenye kutu, weka kipya."

Nati aliizunguka. Madigadi, ekzosi, rimu, cheni, na ile keria ya nyuma ya kubebea mizigo, vyote vimeliwa. "Mama, hii nikiitoa kutu utarudi nyumbani na honi peke yake."

Hakucheka.

"Vyuma vya zamani usitupe hata kimoja. Nirudishie vyote."

Hilo halikumshangaza. Wateja wengi hudai vyuma vyao vya zamani, wahakikishe fundi hakuwadanganya. Ila Nati hakuitwa Nati bure. Hakuwahi kutupa hata nati moja maishani mwake. Kilichotoka kwenye pikipiki hii kilipata makazi kwenye ile. Tabia nzuri tu, jamani, mpaka siku ilipomponza.

Kesho yake alizimwagia bolti dizeli zilainike, akafungua ekzosi. Maji yakammwagikia miguuni, meusi, ya baridi. Kiangazi chote kile, mvua ilitoka wapi? Akajikung'uta, akaendelea. Lakini kila chuma alichokitia guniani, gunia lilijisogeza kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kitandani.

Alipofikia keria, akaipitishia brashi ya waya. Chini ya kutu chuma kilikuwa kizima, kinene, cha enzi zile. Na keria ya mdogo wake ilikuwa imepasuka. Huyo mdogo wake alikuwa dereva wa pikipiki, abiria na mizigo kutwa nzima, na ndiye ndugu pekee aliyembakia. Nati alimlea tangu hajui kufunga vifungo vya shati. Sasa aje aanguke kwa sababu ya keria, na hii ipo?

Akaipiga msasa, akaipaka rangi nyeusi, akamfungia mdogo wake. Ile iliyopasuka akaitupia guniani. Kutu ni kutu, nani atajua?

Mwanamke alirudi jioni. Pikipiki iliyong'aa hakuitazama. Alipiga magoti, akalikumbatia gunia.

"Mume wangu alizama nayo mtoni," alinong'ona. "Pikipiki waliipata. Yeye hapana. Lakini yumo humu kwenye vyuma... namsikia. Pikipiki ataipanda mwanangu, sitaki baba yake abaki ndani yake. Leo namzika. Nikishafukia, kilichomo ni cha kaburi."

Nati alijua la kusema. Mama, subiri, kuna kimoja si chako. Maneno machache tu. Lakini aliona aibu, akajikuta anamsaidia kulifunga gunia mdomo.

"Vyote vimo?"

"Vyote, mama."

Jioni iliyofuata mdogo wake alirudi akiisukuma pikipiki yake. Nguo zilikuwa zimelowa chapachapa.

"Kaka, leo abiria wananikataa. Wanasema nimeshabeba mtu." Akajaribu kucheka. Akakohoa. Kilichomtoka kilikuwa maji ya rangi ya kutu.

Nati alimlaza ndani, akatoka mbio na spana. Akaishika nati ya kwanza ya keria, akaizungusha kuifungua.

Mdogo wake akapiga yowe.

Akaizungusha tena, kidogo tu.

"Kaka..." sauti ilikuja kwa tabu kutoka chumbani. "Nani ananifungua?"

Akaikaza ile nati upesi, na kule ndani pumzi zikatulia.

Alimtafuta yule mwanamke mtaa kwa mtaa. Hakuna aliyemjua, wala kaburi jipya halikuonekana popote. Kama alikuwa mtu au si mtu, Nati hawezi kuapa.

Alichokijua ni hiki. Keria ya mdogo wake ilikuwa imezikwa, na ya marehemu ilibaki hapa. Kutu ilirudi kwenye keria, na kadiri ilivyokula chuma ndivyo mdogo wake alivyokonda. Ikisuguliwa, mgonjwa alipata nafuu, akaomba chakula, akatania. Basi kila jioni Nati alichuchumaa na msasa wake. Lakini msasa nao hula chuma, na fundi gani asiyelijua hilo? Alilijua. Alisugua huku analia.

Jana keria ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la yai.

"Kaka, leo usisugue sana," mdogo wake aliita kutoka ndani. "Nasikia baridi."

Kutu ilikuwa imetanda tena. Kuiacha ni kumuua, kuigusa ni kumuua. Nati akasugua polepole, kwa ncha ya kidole...

Msasa ukatokea upande wa pili.

Akatega sikio. Ndani hapakuwa na kikohozi. Hapakuwa na pumzi.

"Mdogo wangu?"

Kisha kiti cha pikipiki kikalia, kama mtu ameteremka, na harufu ya tope ikamjaa puani. Sauti ya mwanamume asiyemjua ikamnong'oneza sikioni, kwa upole kabisa:

"Ameshafika."