Kobe Aliyeshindwa Kufunga Mlango

"Mtaa huu mzima," kinyozi alipenda kusema huku akipuliza nywele kwenye mashine yake, "hakuna kiumbe anayekula vizuri kama Meneja wangu. Hata nyinyi mliokaa hapo benchini hamumfikii."

Na kweli, ndugu zangu, ungeingia mle dukani asubuhi ungependa. Feni inazunguka kivivu, redio iko chini, poda inanukia, na chini ya kioo kikubwa kobe mdogo, wa ile jamii inayojifungia ndani kama sanduku lenye bawaba, anapita akikagua viatu vya wateja. Ndiyo maana akaitwa Meneja: kazi hafanyi, lakini kukagua lazima akague.

Mwenye kobe hasa alikuwa binti wa kinyozi, mtoto wake wa pekee. Siku ya kwenda shule ya bweni alikataa kupanda basi mpaka baba yake aahidi.

"Baba, usimpe kitu kimoja tu kila siku. Leo nyungunyungu au konokono, kesho majani na boga, siku nyingine uyoga au kipande cha papai. Saga maganda ya mayai umnyunyizie kwenye chakula. Na umtoe nje apate jua."

"Mwanangu, nimekulea wewe na mdomo wako wote huo, nitashindwa na kobe?"

Alishindwa. Wala si kwa ukatili, na hapo ndipo penye hatari. Alishindwa kwa mapenzi.

Kuchimba nyungunyungu ni kuchafua kucha, na kinyozi hawezi kumshika mtu kidevu kwa kucha za udongo. Majani nayo kobe huyatafuna polepole, hayachekeshi mtu. Lakini siku mteja mmoja alipoangusha kipande cha soseji, Meneja alinyoosha shingo akakidaka, na benchi zima likapiga makofi. Basi ikawa mchezo. Anayesubiri zamu anakuja na soseji, mwingine nyama ya kusaga, mwingine mkate uliolowekwa kwenye chai ya maziwa. Kinyozi akiona wateja wamechangamka, naye anachangamka. Jua likasahauliwa. Maganda ya mayai yakaenda na takataka.

Meneja akanenepa. Mikunjo ya nyama ikachomoza kwapani kama shuka iliyozidi kitanda.

Wa kwanza kushtuka alikuwa dada wa kinyozi, aliyeuza mboga kwenye genge lililotazamana na duka. Alivuka barabara na fungu la majani, akamwinua kobe, akamgonga kidogo mgongoni.

"Kaka, huyu hafungi."

"Hafungi nini?"

"Gamba. Zamani ukimgusa anajifungia kabisa, hata unyasi haupiti. Sasa tazama, kifuniko kimekwama kwenye mafuta yake."

"Amekuwa mkarimu. Ameacha mlango wazi kwa wageni."

Wateja wakacheka. Dada hakucheka. Aliweka majani chini. Kobe akayanusa, akageuza kichwa.

"Umeona? Hataki," kinyozi akasema.

"Umemharibu ulimi. Acha hizo soseji, njaa ikimuuma atakula."

"Nimshindishe njaa mtoto wa mwanangu? Rudi gengeni, dada. Mchicha wako unanyauka."

Alirudi. Majani yakafagiwa jioni pamoja na nywele.

Baada ya hapo macho ya Meneja yakaanza kuvimba. Asubuhi moja hayakufunguka. Kinyozi akayapangusa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, akawaambia watu kobe amechoka na sura zao, anapumzika. Soseji zikaendelea, ila sasa ilibidi zimguse mdomo ndipo ajue zipo. Gamba nalo likaanza kubonyea kidogo chini ya kidole. Kinyozi aliligusa mara moja, hakuligusa tena. Ndugu zangu, mnaujua ule uoga wa kutotaka kujua.

Likizo ilikuwa imekaribia siku mteja mmoja alipoingia na mbwa kwenye kamba. Mbwa mdogo, wala hakuwa mkali. Benchi lilikuwa limejaa, wembe wa kinyozi uko shingoni mwa mtu. Mbwa akanusa chini ya kioo. Meneja hakumwona, lakini pumzi aliisikia. Akavuta kichwa. Akavuta miguu. Kifuniko cha mbele kikapanda, kikafika kwenye ule mkunjo, kikasimama. Akavuta tena. Kikasimama palepale.

Watu wakacheka.

Kisha ukasikika mlio, kama biskuti inavyovunjwa, na kicheko kikakatika.

Daktari wa mifugo alimlaza mezani, akaligusa gamba taratibu, akayatazama yale macho.

"Alikuwa anakula nini?"

"Vizuri tu, daktari. Alikuwa anashiba."

"Nimeuliza nini."

"Soseji."

"Na nini?"

Kinyozi akajipangusa vinywele vya wateja mikononi.

"Meno ya mbwa yasingepita kwenye gamba zima," daktari akasema. "Na kobe mzima angekuwa amejifungia. Mbwa amemalizia tu, mzee."

Meneja alifia pale mezani.

Binti alifika likizo, akaenda moja kwa moja chini ya kioo kabla hata ya kutua begi. Alipogeuka kumtazama baba yake, hakuuliza kobe yuko wapi. Aliuliza, "Alikula nini, baba?" Na yule mtu aliyeongea tangu kufungua duka hadi kufunga alisimama tu na mashine inayonguruma mkononi. Binti akavuka barabara kwenda kwa shangazi yake. Likizo nzima hakukanyaga tena dukani.

FUNZO

Kumjaza mnyama tumbo si kumlisha. Kobe wa jamii hii anataka mchanganyiko: wadudu na konokono, majani, uyoga, matunda kidogo, kitu cha kuimarisha gamba, na jua. Ukimpa kile tu anachokipenda, unajifurahisha mwenyewe. Na wewe unayetazama, usicheke ukanyamaza. Mimi ningekuwepo siku ile, ningeinuka nikamfukuza yule mbwa.

Maneno haya nilimsomea kwanza yule dada gengeni kwake. Alikuwa anafunga mchicha, wala hakuinua uso.

"Ulikuwepo," akasema. "Wa pili kutoka mlangoni. Nilikuwa nakuona kutoka hapa, umeshika mbavu kwa kicheko."